Mume wa Mjane wa Kabuta

Sajini Bwembya aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kanisa la Kabuta, akavua kofia, akaketi kwenye ngazi bila kumwomba mtu ruhusa. Kutoka Nchelenge mpaka hapa mchanga ulikuwa umemshusha mara saba, na kila aliposhuka goti lake la kushoto lilimwambia alichokuwa akikijua tayari, kwamba ana miaka arobaini na tisa. Zamani alifuata wauaji. Kule Mofwe aliwahi kukaa siku tatu ndani ya matete akimngoja mtu aliyemkata mwenzake kwa panga, akampata. Sasa, mwaka huu wa 1957, serikali ilikuwa ikimtuma kuhesabu mikeka katika nyumba za wajane.

Alitoa barua mfukoni akaisoma tena, ingawa aliijua kwa moyo.

*Kwa Bwana wa Boma. Mimi ni mtu wa Kabuta ninayependa ukweli. Febby, mjane wa askari Lackson aliyekufa vitani nchi ya Malaya, anakula pensheni ya serikali na huku ana mume. Alikabidhiwa mume huyo mbele ya ukoo wote, mwezi wa nane mwaka jana. Mume analala katika nyumba yake. Mkimwuliza, hatakataa.*

Haikuwa na jina chini. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyepita shule ya misheni na kupigwa fimbo za kutosha kwa ajili ya herufi zake.

Kadi ya pensheni ya askari ilikuwa na maneno nyuma yake, na kila mjane alisomewa siku ya kwanza. Mjane akiolewa, aseme. Mtoto akifa, akiolewa au akihamia kwa watu wengine, mjane aseme kabla mwezi haujaisha. Asiyesema atashtakiwa. Febby alikuwa ameweka kidole gumba mwezi uliopita tu, kuthibitisha kwamba jamaa yake haijabadilika. Ikiwa barua ilisema kweli, pensheni ingekatika leo, na mwanamke huyo angekwenda jela Kawambwa na kuwaacha watoto watatu. Na ujanja wa kusema eti mume wa kurithi si mume, Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikwisha kuukataa. Mwanamume akirithi mke wa ndugu yake na kulala naye nyumba moja, ni mume, basi. Bwembya alikuwa amepeleleza wajane sita wa namna hiyo. Watano walikuwa wameolewa kweli, na wote watano walilia mbele yake.

Pembeni mwa kanisa mwanamke mzee alikuwa akigeuza samaki juu ya uchanja wa moshi. Bwembya alijiinua.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa. Habari ya njia?"

"Njia ni muchanga tu."

Bwembya alizaliwa katika kambi ya wachimba migodi, Elisabethville. Kibemba chake kilikuwa na kutu, na watu wa ufuko huu, waliozoea kuvuka ziwa kwenda kuuza samaki Kilwa ya Kongo, walimjibu kwa Kiswahili cha Katanga bila kinyongo. Mzee huyo alisema anaitwa Mama Ennie.

"Bana Mable ni jirani yako?" Bana Mable, yaani mama yake Mable, ndivyo Kabuta nzima ilivyomwita Febby.

"Nyumba yake ni ile ya pili. Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Iko na bwana?"

"Iko naye."

Bwembya alikuwa amejiandaa kwa nusu saa ya uongo. Aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Iko na bwana?"

"Mi nakuambia iko naye. Bwana yake ni Lackson."

"Lackson alikufa Malaya, mama."

"Ule wa kwanza. Huyu alirithi jina. Ukoo ulimuweka, mi mwenyewe nilikuwa pale, nilikunywa na munkoyo mpaka tumbo ikajaa."

"Analala mule nyumba?"

"Sasa alale wapi? Juu ya muti?"

Bwembya aliandika. Mama Ennie alimpa mkia wa samaki bila kuulizwa, naye akaupokea kwa mkono wa kushoto, kalamu ikiwa katika wa kulia.

"Anafanya kazi gani huyo bwana?"

"Kazi? Hana kazi. Anakula, analala, anacheza."

"Anavua?"

"Anaogopa mamba."

"Musonko analipa?" Musonko, kodi ya kichwa, kila mwanamume mzima aliilipa au aliikimbia. Asubuhi Bwembya alikuwa amepitia orodha ya walipa kodi wa Kabuta mara mbili. Hapakuwa na Lackson.

Kwa mara ya kwanza Mama Ennie alicheka, akafuta jicho kwa kiganja kwa sababu ya moshi. "Musonko. Hapana, papa. Bazungu hawajamuandika bado."

"Mule nyumba iko batu wangapi?"

"Bana Mable, bwana yake, na batoto babili. Kula samaki yako, inapoa."

Aliandika na hilo. Kisha akapiga mstari chini ya maneno matatu: mvivu, mcheza kamari, mkwepa kodi. Alikwisha kumchukia mtu huyo kabla hajamwona.

Nyumba ya pili ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa nusu kana kwamba mpakaji aliitwa kwingine. Uani palikuwa na kamba ya nguo, na katikati ya kamba, shati la kiume lenye mikono mirefu, linadondosha maji. Chini ya mlingoti wa kamba baiskeli yenye matenga mawili ya samaki ilikuwa imelazwa. Mwanamume kifua wazi alikuwa akiifunga tairi ya nyuma kwa mpira.

"Shati ni ya nani?" Bwembya aliuliza.

"Ni yangu, Sajini."

"We ndiye Lackson?"

Mwanamume aliacha mpira. "Mi? Mi ni Zacharia. Natoka Mwansabombwe, nanunua samaki. Kila siku ya posho nakuja hapa. Bana Mable ananifulia shati juu ya damu ya samaki, namulipa na sabuni. Bibi yangu iko Mwansabombwe, Sajini, na bibi yangu anapiga. Muulize mutu yeyote."

Leo ilikuwa kweli Jumamosi, siku ya posho. Bwembya alizunguka matenga, akachungulia. Samaki aina ya mpale, wakavu, wamepangwa vizuri, hakuna gongo chini yao. Alimwomba cheti cha biashara, Zacharia akakitoa kwenye soksi. Jina lilikuwa lake na muhuri ulikuwa wa Mwansabombwe.

"Bwana wa hii nyumba unamujua?"

"Namujua. Ba Lackson. Namuletea mukate kila nikikuja, kipande kimoja. Nisipomupa anakasirika, na siku hiyo samaki sipati."

"Anakupiga?"

"Hapana. Anakaa pale kwenye kiti chake, ananiangalia tu. Hasemi. Na Bana Mable hawezi kuuza kama bwana wa nyumba amenuna."

Bwembya aliongeza neno la nne kwenye daftari: mla rushwa. Akapiga hodi.

Febby alitoka akiwa na unga wa mihogo mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kitambaa kimefungwa chini hadi kwenye nyusi. Alimwona polisi, akaona na daftari, wala hakuuliza amekuja kwa nini. Alipiga goti moja, akamsalimu, akamwambia yeye ni mtu wa ng'ambo, wa Kilwa, watu wake wote wako huko, kwa hiyo asishangae Kiswahili chake.

Karibu na mlango palikuwa na kigoda kilichochongwa, kimekaa peke yake. Bwembya alikisogelea kwa sababu ya goti.

"Samahani, papa," Febby alisema. "Ile ni ya bwana." Akamtandikia mkeka kivulini.

Aliketi kwa shida, mguu wa kushoto mbele. "Mama, sitazunguka. Uko na bwana?"

"Niko naye."

"Mwezi uliopita uliweka kidole kwamba jamaa yako haikubadilika."

"Kwa bwana haikubadilika. Niliolewa na Lackson, niko na Lackson."

Hapo Bwembya alihisi uchovu wote wa mchanga ule ukimrudia kwa pamoja. Alikuwa amelisikia jibu hili, kwa maneno mengine, kwa wale watano. "Mama, unajua maana ya hayo unayosema? Mi ni mutu wa serikali. Nikiandika hivyo, unaenda Kawambwa. Batoto wako watabaki na nani?"

"Sijui, papa. Lakini umeniuliza kama niko naye, na niko naye."

"Muite basi."

Febby alikung'uta unga mikononi, akashika upindo wa kitenge, akaita kuelekea nyuma ya nyumba kwa sauti ya adabu, sauti ambayo mwanamke hutumia kumwita mtu aliyemzidi. "Ba Lackson. Kuko mugeni."

Kutoka nyuma ya nyumba alikuja msichana wa miaka saba hivi, matope mpaka mapajani, meno mawili ya mbele hayapo. Shingoni alikuwa na uzi wenye ushanga mmoja mweupe. Alimpita Sajini, akakalia kigoda, akanyoosha mikono. Febby alipiga magoti mbele yake, akammiminia maji kwa kata, akamnawisha taratibu, kidole kwa kidole.

Bwembya alitazama kona ya nyumba, akingoja mwanamume atokee. Alingoja muda mrefu kidogo.

"Na bwana?" akasema mwishowe.

"Ndiye huyu," Febby alisema.

Zacharia alikuwa akiangalia tairi yake kwa makini kuliko ilivyohitajika.

Sajini Bwembya alifunga daftari, akalifungua, akalifunga. Aliijua desturi yenyewe, nani asiyeijua. Mtu akifa, kivuli chake kinabaki juu ya mwenzake, na mpaka ukoo wa marehemu umtoe mtu wa kushika jina na kuvaa ushanga, mjane hatulii wala hasogelewi. Anayeshika jina anakuwa ndiye marehemu. Watoto humwita baba, mjane humpa heshima ya mume. Lakini mara zote alizowahi kuona, aliyeshika jina alikuwa mwanamume mwenye ndevu na hamu yake. Ukoo una haki ya kumweka hata mtoto, hata wa kike, alimradi ni damu. Alikuwa ameuliza Kabuta nzima kama mume yuko, na Kabuta ikamjibu kweli tupu. Hakuna aliyemdanganya. Ni yeye ambaye hakuuliza mume ana urefu gani.

"Jina lako la kuzaliwa nani?" alimwuliza msichana.

"Beauty."

"Na sasa?"

"Lackson." Alisema bila kucheka. "Uko na mukate?"

"Sina."

Alinuna, akamtazama tu, vile vile kama Zacharia alivyosema.

"Ni mujukuu wa dada yake Lackson," Febby alisema. "Mama yake iko Elisabethville, mutoto anakaa na miye. Nsama ndiye alitaka jina."

"Nsama nani?"

"Mudogo wake Lackson. Iko na bibi babili, wote wanalia. Alitaka jina, na mi ndani yake. Nikaambia wazee, tafazali, mupe mutoto. Wazee wakakaa, wakaona haki yangu iko. Wakamuweka Beauty. Nsama alitoka pale bila kuaga, na muziki ilikuwa inapigwa bado."

"Alisoma shule, huyo Nsama?"

"Misheni. Anaandikia Kabuta yote barua zao."

Bwembya aliikunjua barua kwa mara ya mwisho. Alikabidhiwa mume mbele ya ukoo wote. Analala katika nyumba yake. Mkimwuliza, hatakataa. Palikuwa na ufundi ndani yake, hapo lazima akubali. Mtu alikuwa amekaa na kupima kila sentensi ili asiape uongo mbele ya Mungu, na bado amfunge mwanamke. Alimwonea kinyaa. Angempitia Nsama jioni wakati wa kurudi, wala hangemsalimia kwanza.

Aliandika: *Tuhuma ya ndoa. Nimemwona mume. Ni mtoto wa kike, umri miaka saba, amerithi jina kwa desturi. Hakuna ndoa.* Alifikiria Bwana DC akiisoma sentensi hiyo asubuhi ya Jumatatu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ulikaribia kutabasamu. Alimwonyesha Febby ukurasa, akamsomea. Mabega ya mwanamke yalishuka. Aliinama akarudi kwenye chungio lake la unga.

"Imebaki kazi ya karatasi tu," Bwembya alisema. "Nikifunga faili lazima niseme nimeona kila mutoto. Mable?"

Mable, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akiingia uani na ndoo ya maji kichwani. Alipompita yule mdogo kwenye kigoda alisema "Tata", yaani baba, kama mtu asemavyo jambo la kila siku, akaenda jikoni. Sajini akaweka alama.

"Chileshe?"

Febby alionyesha kwa kidevu. Mtoto wa miaka miwili na nusu alikuwa amelala mlangoni, nzi mmoja shavuni. Alama ya pili.

"Chola?"

"Chola iko Mofwe," Febby alisema. "Kwa bibi yake. Kwa mama yangu."

Kalamu iliandika *Mofwe*, na hapo ikasimama.

Alitamani isingesimama. Alitaka kumaliza, kupanda baiskeli, kufika Nchelenge jua likiwepo, kuweka goti kwenye beseni la maji ya chumvi. Lakini mwanamke huyu alikuwa amemwambia, bila kuulizwa, kwamba watu wake wote wako Kilwa, ng'ambo ya ziwa, na Mofwe ilikuwa upande huu. Na kule kwenye uchanja wa samaki Mama Ennie, aliyejua hata nani anaogopa mamba, alikuwa amemhesabia watoto wawili. Bwembya alirudisha kurasa mbili nyuma. *Batoto babili.* Ilikuwa hapo, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Hakumtazama Febby. Aligeukia kigoda.

"Ba Lackson," alisema. "We ni bwana wa nyumba. Boma inataka kujua. Uko na batoto wangapi?"

Alikuwa amesema nusu kwa mzaha, ili apate muda wa kufikiri. Lakini mtoto huyo alikwisha kufundishwa na wazee kwamba jina si mchezo. Alikaa sawa, akaweka mikono yake iliyonawishwa juu ya magoti.

"Nilikuwa nabo batatu," alisema. "Sasa babili. Chola alikufa na surua, wakati wa mvua. Tulimuzika kule kwa mihogo."

Zacharia aliinua baiskeli yake polepole, akachukua shati likiwa bado bichi, akatoka nje ya ua bila kuaga. Febby aliendelea kuchunga unga. Chungio lilikuwa tupu na yeye aliendelea kulitikisa.

"Mama," Bwembya alisema.

"Nimesikia."

"Wakati wa mvua. Umepita boma mara mbili tangu siku ile. Mara mbili ulisema iko."

"Mara mbili."

"Juu ya nini?"

Aliweka chungio chini. Hakulia. Wale watano walikuwa wamelia, na kwa namna fulani hilo lilikuwa rahisi zaidi.

"Mutu muzima akikufa, jina inabaki," alisema. "Lackson alikufa inchi ya mbali, hata kaburi yake sijaiona, lakini angalia, ameketi pale, namupa maji. Mutoto mudogo harithiwi. Hakuna sherehe, hakuna ushanga. Wanamuweka chini asubuhi, mangaribi mutu anakuambia nyamaza, utazaa mwengine. Sasa mi nizae na nani? Hapa Kabuta hakuna mutu anamutaja. Si ubaya, ni huruma, wanaogopa kuniumiza. Mama Ennie anahesabu babili. Na Mable anahesabu babili. Mara ya kwanza nilienda boma na maneno tayari mu kinywa, papa, naapa. Nilisema njia yote, Chola amekufa, Chola amekufa, nisisahau. Karani akafungua kitabu yake kwenye dirisha. Akasoma, Mable. Nikasema, iko. Akasoma, Chola."

Alijifuta unga kwenye kiwiko.

"Miezi mibili nilikuwa sijasikia mutu akimuita. Nikasema, iko."

"Na pesa yake?"

"Nilikula. Nilinunua chumvi na nguo ya Chileshe. Sitakudanganya mara ya pili."

Bwembya alivua kofia tena ingawa hakuwa ameivaa sawasawa. "Naona huzuni, mama," alisema, na ilikuwa kweli. Aliona pia kwamba hangeweza kuandika Mofwe. Angeweza kufunga macho juu ya mengi, alikwisha kufanya hivyo, lakini mtoto aliyezikwa akiandikwa hai na sajini wa polisi, siku moja angetafutwa, na angetafutwa kwa mama yake, na Nsama alikuwa bado na wino.

Alifungua mkoba. Chini kabisa, chini ya pampu na kipande cha sabuni, palikuwa na fomu kumi za kutoa taarifa ya mabadiliko ya jamaa. Alizibeba kwa miaka miwili na zote kumi zilikuwapo, zimekuwa za manjano pembeni. Hakuna mjane aliyewahi kumjia kwa hiari yake. Alitoa moja, akaiweka juu ya daftari, akaandika tarehe ya leo.

"Naandika kwamba jamaa imetoa taarifa yenyewe," alisema.

"Sikutoa miye. Umemusikia mwenyewe, ni Lackson alisema."

"Lackson ni nani hapa?"

Febby alimtazama, kisha akatazama kigoda. "Bwana wa nyumba."

"Basi. Bwana wa nyumba amesema mbele ya polisi, bila kutishwa. Wazee walimuweka, na mi nimekwisha kuandika kwamba walimuweka. Bwana DC hawezi kulikubali jina lake ukurasa wa kwanza na kulikataa ukurasa wa pili." Alisita, hakupenda kumpa mtu zaidi ya alichonacho. "Fungu la Chola litakatwa. Lile ulilokula, huenda watalitaka, kidogo kidogo. Pensheni ingine itabaki. Jela, nafikiri hapana. Sikuahidi, mama. Nafikiri."

"Na Mable na Chileshe watabaki na miye?"

"Nafikiri hivyo."

Palikuwa na safu iliyoandikwa *Sababu ya kuchelewa*. Aliiangalia kwa muda. Safu yenyewe ilikuwa fupi, pana kama kidole kimoja. Aliandika *Msiba* na akaenda kwenye safu inayofuata.

Alifungua kidau cha wino. Febby aliweka kidole gumba. Kisha msichana aliteremka kwenye kigoda, akaja bila kuitwa, akaweka na chake, kidogo na chenye tope kwenye ukucha, akaangalia alama yake kwa kuridhika, akauliza tena habari za mkate. Mable alimwita kutoka jikoni, naye akaenda.

Kanuni ilitaka maelezo yasomwe kwa sauti kwa yule aliyeyatoa, kabla karatasi haijakunjwa. Bwembya aliisogeza mbali na macho yake, kwa sababu siku hizi aliona vizuri kwa mbali, akaanza. Jina la askari. Jina la mjane. Jina la mwenye nyumba kwa desturi. Mtoto wa kwanza, Mable, mwanamke, miaka kumi na miwili, hai. Mtoto wa pili, Chola, mwanamume, miaka minne, amefariki kwa surua, amezikwa Kabuta. Mtoto wa tatu, Chileshe, mwanamume, hai.

"Ndivyo?" aliuliza.

"Soma tena," Febby alisema. "Pale katikati."

"Mtoto wa pili, Chola, mwanamume, miaka minne..."

"Jina tu, papa. Kama karani."

Sajini Bwembya alitazama karatasi. Alikuwa amechoka sana, na jua lilikuwa limekwisha kuvuka paa la kanisa.

"Chola," alisoma.

Febby alifungua mdomo, akaufunga, na safari hii hakusema, iko.